Nilikuwa msimamizi wa seva, sasa nimepewa ofa ya IT saapoti hotelini. Niichukue?

Mtu wa Mpendae

Asalaam alaykum ndugu zangu, naomba ushauri wa watu walio kwenye fani na hata walio nje ya fani, maana kichwa kimejaa na nyumbani kila mtu ana lake.

Mimi nilikuwa msimamizi wa mifumo kwenye mradi mmoja wa afya hapa Mjini. Kazi yangu hasa ilikuwa seva za Linux, databesi ya PostgreSQL na ule mfumo wa DHIS2 ambao vituo vya afya wanaingizia takwimu zao, wilaya ikikwama kutuma ripoti ya mwezi basi simu inakuja kwangu. Wafadhili wamejitoa, mradi umefungwa, tumepewa notisi na kiinua mgongo tukaagana vizuri tu, sina ugomvi na mtu. Ila tangu hapo nnaomba kazi hakuna kinachotoka, Dar nimeitwa intavyuu wakasema tutakupigia, serikalini nimejaza kwenye mfumo wa ajira mpaka leo kimya.

Wiki iliopita nimepata ofa, hoteli kubwa upande wa Kiwengwa wanataka mtu wa IT saapoti. Laki nane kwa mwezi, na mimi nilikotoka nilikuwa nashika milioni moja na laki tisa. Kazi yenyewe kama walivyonieleza ni waifai za wageni, printa za risepsheni, mashine za mauzo za baa na mgahawa, kamera, TV za vyumbani, mtu akisahau paswedi umfungulie. Yaani kazi niliokuwa naifanya nilipotoka chuo kikuu cha SUZA tu. Chakula wanatoa, gari ya wafanyakazi inapita Amani alfajiri, kurudi inategemea shifti.

Na kuna jambo linanitia uzito kuliko hata mshahara. Msimamizi wa IT pale ni kijana aliekuja kufanya fildi kwetu, mimi ndie niliekuwa namsainia kitabu chake. Kijana mzuri, ana adabu, sina neno nae, lakini kesho yeye ndie atakaenipangia zamu.

Mke wangu anasema chukua. Bimkubwa anasema chukua. Ami yangu anasema fani hii ukishuka hupandi tena, waajiri watakuona wa printa mpaka unazeeka. Kiinua mgongo kinapungua, kodi ya nyumba ipo, watoto wako skuli. Nikichukua nitakuwa nimejiharibia? Na nikisubiri, nisubiri mpaka lini? Hoteli wanataka jibu.

Fundi wa Shamba

Wa alaykum salaam. Mimi niko hoteli za mashamba, huku nje ya Mjini, miaka mingi, niliingia kwa mlango huohuo wa saapoti na sasa nasimamia IT, kwa hiyo nakwambia ninachokiona kila siku.

Kazi hii usiipime kwa jina, ipime kwa vitu watakavyokuachia uvishike. Hoteli ya vyumba mia na kitu ina netiwaki nzito kuliko ofisi nyingi za Mjini. Kuna ya wageni, kuna ya ofisi, kuna ya mashine za mauzo, kuna ya kamera, na zote zinapita kwenye swichi zilezile na hazitakiwi zionane hata kidogo. Halafu kuna bahari. Chumvi inakula kila kitu, unachomoa waya wa kifaa cha waifai kilichopo ufukweni unakuta vile vipini vya shaba vimefanya kijani, mgeni anasema intaneti mbovu nawe ukikaa ofisini unaona kila kitu kiko sawa, mpaka uende kwa miguu uguse. Masika radi zikianza swichi za bangaloo za mbali zinakufa milango, hasa kama waya umepitishwa nje na hakuna alieweka kinga wala atingi ya maana. Umeme wa ZECO ukikatika jenereta inachukua muda kidogo kuingia, na kama betri za UPS zimechoka mfumo wote wa hoteli unaanguka mtu yuko katikati ya kulipa. Sasa fikiria hiyo ni saa nne asubuhi, wageni wanaondoka, gari inawasubiri kuwahi ndege, risiti ya kodi ya ZRA lazima itoke kwenye mfumo wao wa VFMS na intaneti haipo, masanduku yamejaa mpaka mlangoni na meneja amesimama nyuma yako. Hiyo ndio wanayoiita saapoti.

Tarehe 12 Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu siku moja, kuna hoteli zilikuwa zinalipia kampuni mbili za intaneti na zote mbili zikachechemea, maana huku juu ni mbili lakini baharini njia ni zilezile. Bahati ilikuwa masika wageni wachache. Mtu wa saapoti aliekuwa anaelewa hilo ndie aliekwenda kumueleza meneja mkuu wapi pesa zinapotea, na watu kama hao ndio wanaopandishwa.

Kwa hiyo nenda kaulize jambo moja kabla hujasaini. Nitapewa akaunti ya admini ya rauta na seva, au vitu hivyo vinashikwa na kampuni ya nje na mimi kazi yangu ni kuzima na kuwasha? Jibu lako liko hapo. Kama hoteli wenyewe wanashika mambo yao, wewe na Linux yako unaweza kuwawekea Zabbix wakaona kifaa kimekufa kabla mgeni hajalalamika, ukaweka bekapu ya kweli inayojaribiwa kurudishwa, na hakuna atakaekuzuia. Kama wamekodi kila kitu, basi chukua kwa ajili ya riziki ya watoto lakini endelea kutafuta bila kupumzika, maana hapo ami yako atakuwa na haki, mikono itasahau.

Na laki nane hiyo waulize ni mshahara wa msingi au wamejumlisha na sevisi chaji, ile pesa ya huduma inayotoka kwa wageni. Kama wamejumlisha, Aprili na Mei hutaiona laki nane. Hoteli nyengine miezi hiyo zinafunga kabisa au zinawapeleka watu likizo bila malipo. Liandikwe kwenye mkataba, usikubali la mdomo.

Mlandege CCTV

Mimi napingana na wote hapo juu na nasema kwa nia safi kabisa. Ndugu yangu una ujuzi na una kiinua mgongo mkononi, kwa nini uende ukatumwe printa? Wageni walioingia Zanzibar 2023 walipita laki sita, 2024 wakapita laki saba, kila siku Paje na Jambiani kunajengwa nyumba za kukodisha na kila nyumba inataka waifai na kamera. Mimi nilianza na ngazi moja na drili ya kuazima. Rauta ya MikroTik ukiipanga vizuri mwenye nyumba anakuita tena na anakupeleka kwa jirani yake. Ukiingia hotelini shifti itakumaliza hutapata muda wa kuanzisha chako, miaka itapita uko palepale.

Bi Mkunazini

Kaka yangu wa Mlandege, unayosema ni kweli kwa mtu ambae hana kodi ya kulipa mwezi huu. Wewe mwenyewe unajua wenye nyumba wanavyolipa, nusu leo nusu mgeni akija, na mgeni mwenyewe anakuja Juni. Kiinua mgongo kikigeuzwa boksi za waya na kamera, akikwama masika atauza kwa hasara ili watoto wale. Biashara aifanye, lakini kwanza awe na mshahara unaoingia, nyumba moja moja siku zake za ofu.

Sasa nije kwako Mtu wa Mpendae. Mie niko upande wa rasilimali watu, sivii zinapita mezani kwangu kila wiki. Mtu alieshuka ngazi naulizwa na mabosi swali moja tu, kwa nini kashuka, na wewe jibu unalo tena lisilo na aibu: mradi umefungwa. Tangu Marekani isitishe misaada yake Januari 2025 watu wa miradi wako wengi sokoni, hakuna bosi asielijua hilo. Kinachonipa mie tabu kumtetea mtu ni pengo. Mtu kakaa mwaka mzima hana alichofanya, hata kama ni hodari vipi, kwenye kikao kuna mmoja atasema huyu kashasahau, na mie sina la kumjibu.

Kwenye sivii jina la cheo liandike kama lilivyo kwenye mkataba, usiliongeze hata herufi, watu wanapiga simu kuuliza. Nguvu zako ziweke chini yake, kwenye ulichokifanya: nimetenganisha netiwaki ya wageni na ya mauzo, nimeweka bekapu, matatizo ya intaneti yamepungua. Usiandike "kusaidia watumiaji" ukaacha hapo. Na kama una cheti cha netiwaki cha CCNA kitizame tarehe yake, kile kinadumu miaka mitatu, kikifa unaanza upya na mtihani wenyewe si rahisi kifedha kwa mtu wa laki nane.

Jengine ambalo watu wetu wanaliona dogo, michango ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Waulize watakuandikisha tangu mwezi wa kwanza au mpaka probesheni iishe, na baada ya hapo uwe unaangalia mwenyewe kama inaingia. Mkataba usome wote, muda wa notisi hasa. Wakikutaka utoe notisi ya miezi mitatu, ofa nzuri ikija itakupita, omba mwezi mmoja. Hilo huwa wanakubali ukiliomba kabla ya kusaini, baada ya kusaini hawakusikilizi.

Na usiende ukawaambia napita tu hapa. Hata kama ndio niya yako.

Mzee wa Wete

Mwanangu, hayo ya kompyuta wenzio washakueleza, mimi nije kwenye hilo la kijana, kwa sababu nimeona wewe mwenyewe umesema ndio linalokulemea na hapa wote wamelipita.

Nimefanya kazi serikalini huku Pemba mpaka nikastaafu, na miaka ya mwisho mkuu wangu alikuwa mtu niliemsomesha kazi mimi. Kinachoharibu ni kunyamaziana. Yeye anaona haya kukutuma, wewe unaona haya kutumwa, basi kazi inalala, na watu wa pembeni wanaanza kuleta maneno, huyu alikuwa bosi wako, huyu anakuchimba. Mpigie simu kabla hujaanza. Mwambie hivi: pale wewe ndie mkuu, nipangie kama unavyompangia mwengine, nikiona kitu nitakwambia faragha na mbele ya watu nitakufuata. Halafu ulifuate kweli. Siku akikosea usimsahihishe mbele ya meneja hata kama unajua jawabu, msubiri mtoke.

Na yeye kama ana adabu kama ulivyosema, amefurahi zaidi ya unavyodhani. Kijana aliepewa idara akiwa mdogo analala na hofu ya kitu kumshinda. Wewe ukiwepo analala vizuri.

Barazani watasema, waache waseme. Wao hawakulipii kodi.

Mtu wa Mpendae

Mungu awalipe kheri wote, Mzee wa Wete maneno yako nimeyasoma na mke wangu tukarudia.

Nimempigia yule kijana jana baada ya Isha. Kabla sijamaliza kusema akanambia kaka wallahi mimi ndie niliepeleka jina lako kwa meneja, nilikuwa naona haya kukwambia usije ukadhani nakuonea huruma. Tumezungumza sana. Rauta, swichi na waifai wanashika wenyewe, admini atanipa. Mfumo wa hoteli ndio una kampuni yake Dar lakini seva yenyewe iko pale na bekapu anasema hajawahi kuijaribu kuirudisha, anaomba hilo ndio nianze nalo. Laki nane ni msingi, sevisi chaji ni mbali. Mei hawafungi, wanawapa watu likizo zao za mwaka kwa zamu, na nimeomba iandikwe. ZSSF tangu mwezi wa kwanza. Notisi walitaka miezi miwili, nimeomba mmoja, wananijibu kesho.

Nitachukua inshallah. Kaka wa Mlandege nyumba za kukodisha sijaziacha, siku za ofu nitakutafuta tusaidiane.

Suali la mwisho kwa Fundi wa Shamba, wana vyumba vya wafanyakazi, je nikae huko au niwe narudi Mjini kila siku?

Fundi wa Shamba

Siku za shifti ya mchana rudi nyumbani na gari yao. Zamu ya jioni lala hukohuko, usiku hakuna daladala ya 117 na bodaboda kutoka Kiwengwa mpaka Mpendae itakula mshahara, tena njia ina giza. Chumba kaombe kabla hujaanza maana Juni vinajaa. Na nenda na krimpa yako na kipima waya, vya hoteli mara nyingi viko kwa mtu ambae hayupo zamu.

Mlandege CCTV

Nitafute, nna nyumba mbili Jambiani zinataka mtu wa kupanga rauta na mimi huko kwenye kutenganisha netiwaki si hodari sana. Kheri ya kazi mpya ndugu yangu.