Mnapima uigizaji kwa kelele na idadi ya risasi, ndo maana nyuzi zenu za "waigizaji bora" hazisomeki

Wakuu, nimeusoma ule uzi wa waigizaji bora wa muda wote mpaka mwisho na nimekasirika kweli, sifichi. Watu wazima, wanaojisifu flashi zao zimejaa muvi, wanataja vipande vile vile kila siku: Denzel Washington anavyofoka mtaani kwenye Training Day, Al Pacino na ile bunduki ya Scarface, Samuel L. Jackson anavyotema mistari ya Biblia kwenye Pulp Fiction, basi, wamemaliza, uzi umefungwa. Aliyepayuka zaidi ndo kaigiza zaidi, aliyeua wengi ndo mkali. Halafu mtu akithubutu kutaja mwigizaji ambaye hakushika bunduki anajibiwa "huyo nani mbona hata sio steringi".

Sasa leo naandika na nitaandika kirefu, asiyetaka kusoma apite.

Tuanze na Denzel kwa sababu ndo mnampenda na mimi nampenda kuliko nyie. Hivi mmeiona Philadelphia ya 1993? Sio kuisikia, kuiona. Kuna kipande Tom Hanks ni mgonjwa wa ukimwi, amekaa na wakili wake ambaye ndo Denzel, anaweka wimbo wa opera wa Maria Callas anaanza kuutafsiri huku anazunguka na dripu yake. Kila mtu anamsifia Hanks, sawa, alipewa Oscar na alistahili. Lakini mwangalie Denzel. Kakaa tu pale. Hana la kusema. Huyu ni mtu ambaye mwanzoni mwa muvi alikuwa anaogopa hata kumpa mkono huyo mgonjwa, na pale kwenye kile kiti unaiona ile hofu inamtoka usoni kidogo kidogo na kuna kitu kingine kinaingia ambacho hata yeye hajui akifanyeje, anaondoka anaenda nyumbani anamkumbatia mwanae. Hakupiga kelele hata moja. Na wale wa Oscar hawakumteua kabisa kwa hiyo kazi, hata kwenye tuzo ya mwigizaji msaidizi! Kusikiliza mbele ya kamera ndo kazi ngumu kuliko zote, maneno unaandikiwa na mtu mwingine lakini kusikiliza hakuna anayekuandikia, na nyie mnaruka hicho kipande mnaenda kutafuta pale anapogombana.

Na hata humo humo kwenye Training Day mnayoiimba, mmekosea mtu. Kuna kile kipande Ethan Hawke anatupwa kwenye beseni la kuogea na wale wahuni waliokuwa wanacheza nao karata, bunduki imeelekezwa usoni. Angalia macho yake wakati yule jamaa anampigia simu binamu yake kuuliza kama kweli aliokolewa na polisi. Yule kijana amelala pale anasubiri kujua kama atakufa au ataishi na hana cha kufanya, ni uso tu na pumzi. Denzel hayupo hata kwenye chumba! Hawke aliteuliwa, akakosa, na humu ndani sijawahi kuona mtu mmoja anakitaja hicho kipande.

Pacino sasa. Hapa hasira yangu inaenda mpaka Hollywood kwenyewe. 1974 anacheza Michael kwenye The Godfather Part II, kazi ambayo kwa maoni yangu hakuna mwanaume amewahi kuifikia, mtu anaoza roho mbele yako kwa saa tatu na ushee na karibu hapandishi sauti, anakaa kwenye kiti anaangalia. Tuzo wakampa Art Carney wa Harry and Tonto. Mwaka unaofuata Dog Day Afternoon, wakampa Jack Nicholson, hiyo naielewa. Halafu wakaja kumpa kwa Scent of a Woman, kanali kipofu anayefoka kuanzia mwanzo mpaka mwisho! Na mwaka huo huo ndo Denzel alikuwa ameteuliwa kwa Malcolm X. Yaani kwa deni lao la zamani wakamlipa Pacino kwa hela ya Denzel, halafu miaka karibu kumi baadae wakaja kumlipa Denzel kwa Training Day. Kwenye Malcolm X kuna pale anasimamisha umati mzima wa watu nje kwa kuinua mkono tu, wanageuka wanaondoka kwa mstari, hasemi kitu. Huo ndo uigizaji wa mtu mwenye mamlaka. Wakauona wakaupita.

Na msinijibu kwamba tuzo huwa hazitambui kimya, maana mara moja walitambua. Glory, 1989, Denzel anachapwa viboko mbele ya kikosi na anamkazia macho yule kanali wake bila kupepesa, chozi moja linashuka. Kwa kazi hiyo walimpa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Kwahiyo wanajua, wakitaka wanaona.

Ila aliyenifanya nifungue huu uzi ni John Cazale. Nilimtaja kule, mtu akanijibu "hana muvi huyo, ana muvi tano". NDIYO ana muvi tano! The Godfather, The Conversation, The Godfather Part II, Dog Day Afternoon, The Deer Hunter. Zote tano ziliteuliwa Oscar ya filamu bora, na tatu kati yake zikashinda. Nitajie mwigizaji mwingine mwenye rekodi hiyo. Na yeye mwenyewe hakuteuliwa hata mara moja, sio kushinda, kuteuliwa tu. Alifariki Machi 1978 kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka 42, The Deer Hunter ilikuwa bado haijatoka, aliicheza akiwa tayari anaumwa.

Fredo, yule kaka wa Michael ambaye Cazale alimcheza kwenye The Godfather, ndo mnamdharau kwa sababu ni mnyonge, kama vile kumcheza mnyonge ni kazi rahisi. Jaribu wewe. Kile kipande cha Part II amelala kwenye kile kiti cha kuegemea, Michael amesimama anamuuliza maswali, Fredo anajaribu kusema na yeye ana akili, na yeye anaweza mambo, kaka mkubwa aliyerukwa, mdogo wake ndo akapewa uongozi wa familia, na mwili unamkatalia, anataka kuinuka kile kiti kinamrudisha chini. Sisi tunaotoka kwenye familia zenye mambo ya urithi na nani kapewa usimamizi wa nyumba ya baba tunamjua Fredo vizuri tu, yupo kwenye kila ukoo, anaitwa kwenye kikao halafu hasikilizwi. Na kwenye Dog Day Afternoon, wako ndani ya benki wamezingirwa na polisi, Pacino anamuuliza kuna nchi yoyote unataka kwenda, jamaa anafikiria kwa makini kabisa anasema "Wyoming". Hiyo ni jimbo la Marekani hapo hapo! Na inajulikana neno hilo alilitoa yeye mwenyewe halikuwa kwenye maandishi. Kwa neno moja unajua huyu mtu hajawahi kwenda popote, hajui chochote, na hatatoka salama. Pacino mwenyewe amesema wazi kwamba alijifunza uigizaji kwa Cazale kuliko kwa mtu yeyote. Halafu wewe unaniambia ana muvi tano.

Najua sehemu ya tatizo na nitaisema japo itawauma wengi. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza na muvi za kutafsiriwa. Sina ugomvi na Lufufu, yule mzee aliwaletea watu sinema kwa lugha yao wakati hakuna aliyewajali, na Kenya wana DJ Afro wao, heshima kwao. Lakini ukweli ni kwamba wengi wa hawa DJ wa siku hizi wanaotafsiri muvi hawaachi sekunde moja ya kimya. Mwigizaji akinyamaza, DJ anajaza, anaweka utani, anamsalimia fundi wa mtaani kwake, anatukana. Kwahiyo mtu ameona muvi mia za Denzel na hajawahi kumsikia Denzel akinyamaza. Ameona risasi tu. Siku hizi imekuwa mbaya zaidi, mtu anajua muvi kwa vipande vya TikTok vya dakika moja na kila kipande ni mtu anafoka, halafu anakuja humu na orodha yake anaita "bora wa muda wote".

Na lile lililonichefua kuliko yote. Mtu aliandika kuhusu Barkhad Abdi, yule aliyecheza haramia wa Kisomali anayeteka meli kwenye Captain Phillips, kwamba "yule hakuigiza, Wasomali ndivyo walivyo". Na akapewa laiki. Aisee! Abdi alizaliwa Mogadishu, vita ikawatoa, akakulia Yemen, akafika Minneapolis akiwa kijana mdogo. Hakuwahi kuwa haramia wala hakuwahi kuwa mwigizaji, Captain Phillips ya 2013 ndo kazi yake ya kwanza kabisa. Dairekta Paul Greengrass aliwaficha makusudi yeye na wenzake wasionane na Tom Hanks mpaka siku ya kuvamia chumba cha kuongozea meli, kwahiyo mara ya kwanza wanakutana ni kamera ikiwa inazunguka. Na ile kauli maarufu ya kumwambia nahodha kwamba kuanzia sasa nahodha ni mimi, aliitoa kichwani mwake pale pale. Mtu ana siku zake za kwanza kazini anamkazia macho Tom Hanks na anamshinda nguvu kwenye kipande chake! Waingereza wakampa BAFTA, tuzo yao ya filamu, Oscar wakamteua. Na wewe Mwafrika mwenzake, tena jirani, unasema hakuigiza. Mzungu akicheza Mzungu anaigiza, Msomali akicheza Msomali "ndivyo walivyo". Angalia pale kwenye kile kiboti cha kuokolea watu mwishoni, mkono una jeraha, usingizi haupo, anajua wamekwisha lakini bado anaongea kama mtu mwenye mpango. Yule alijenga mtu kamili.

Na Hanks humo humo, dakika za mwisho akiwa kwa yule mhudumu wa tiba wa jeshi, anashindwa kujibu maswali, anatetemeka. Nadhani ndo dakika bora za maisha yake yote ya kazi, kuzidi Forrest Gump mara nyingi. Hakuteuliwa.

Hiyo tabia ya "ndivyo walivyo" inawafuata wote wanaocheza watu wa huku kwetu. Don Cheadle kwenye Hotel Rwanda (mambo ya Rusesabagina mwenyewe, yule meneja wa hoteli anayemcheza, yana mjadala mzito na Wanyarwanda wana ya kwao ya kusema, mimi naongelea kazi ya Cheadle), ametoka kwenye ile barabara yenye ukungu na maiti, anarudi hotelini anabadilisha nguo, anajaribu kufunga tai, vidole vinakataa, tai haifungiki, anabomoka peke yake. Tai tu! Lupita mnamjua kwa 12 Years a Slave basi, lakini nenda kamwangalie kwenye Queen of Katwe ya 2016 akiwa mama wa Phiona, mjane wa mtaa wa Katwe, Kampala, anayeogopa kwamba huu mchezo wa chesi utampa mtoto ndoto ambazo mtaa hautamruhusu kuzitimiza. Ile sura ya mama anayefurahi na kuogopa kwa wakati mmoja tunaijua wote. Na Us ya 2019 alicheza watu wawili, mwili tofauti, sauti tofauti, wahakiki wa New York wakampa tuzo yao, Oscar kimya.

Forest Whitaker vile vile. Idi Amin wake wa The Last King of Scotland mnamsifia kwa kufoka, mimi naogopa zaidi pale anapocheka na kicheko kinakatika katikati. Na kazi yake ya Bird ya 1988, aliyopewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Cannes, hakuna hata anayeitaja.

Samuel L. Jackson, kaangalieni Jackie Brown, yuko kwenye gari na De Niro, pesa imepotea, anakaa kimya anafikiria nani kamzunguka. Kamera haiondoki usoni kwake. Unaona hesabu inapigwa kichwani. Kipande kile kwangu kinaipiku Biblia yote ya Pulp Fiction.

Na msidhani nawasema wa nje tu. Tumeambukiza mpaka kazi zetu. Kwenye tamthilia zetu mtu akiletewa habari ya msiba lazima apige yowe, ajigaragaze, muziki upandishwe, kwa sababu dairekta anajua watazamaji ndo nyie. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, aliweza kukufanya ucheke kwa kunyamaza na kumwangalia mtu tu, na mpaka leo anaitwa "mchekeshaji" kana kwamba hakuwa mwigizaji. Joseph Wairimu wa Nairobi Half Life alichukua tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban 2012, Mkenya wa hapo jirani, ulizeni wangapi humu wanamjua. Ilipokuja Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, muvi ya kwetu, Zanzibar yetu, watu wakaandika "imepoa sana, haina ekshen". Ikhlas Gafur Vora anamcheza Yasmin kwa macho na shingo, binti aliyeozwa mzee, na ukimwangalia anavyobadilika akiwa nyumbani kwa Mwajuma, ambaye Siti Amina kamtendea haki kabisa, hujui ni lini ameacha kuogopa, unashtukia tu ameshaacha. Hiyo ndo imepoa?

Nasubiri majibu, na najua yatakuja ya matusi. Ila anayetaka kubisha aje na kipande: muvi gani, uso wa nani, anafanya nini pale. Na yule wa "Wasomali ndivyo walivyo" nakutaka hapa kwa jina lako hilo hilo la humu, uje uniambie ni Msomali gani unayemfahamu wewe aliyewahi kuteka meli.