Bustani ya nyumba ya kupanga: kazi ya nani?

Ndugu zangu, salaam. Nimehamia nyumba yenye bustani kwa nyuma, na mkataba unasema tu "mpangaji ataitunza bustani". Juzi upepo umevunja tawi kubwa la mti, sasa linaning'inia juu ya uzio wa jirani. Mwenye nyumba anasema nitafute fundi na nimlipe mwenyewe, kwani bustani ni jukumu langu. Ni kweli?

---

Pole sana, dada. Usilipe kwanza.

Neno "kutunza", likisimama peke yake kwenye mkataba, kwa kawaida ni zile kazi ambazo mtu asiye fundi anaziweza: kukata nyasi, kung'oa magugu, kuzoa majani. Mti mkubwa si kazi ya namna hiyo. Ujerumani, kwa mfano, mahakama zimekwisha kuamua kwamba maneno ya jumla kama hayo humfunga mpangaji kwa kazi nyepesi tu. Sheria za unakoishi zinaweza kutofautiana, kwa hiyo uliza chama cha wapangaji kabla hujabishana sana.

Lakini jambo moja ni lako, na ni la leo: kutoa taarifa. Mwandikie, usimpigie simu tu. Weka picha na tarehe, na useme wazi kwamba tawi linaweza kumwangukia mtu. Ukinyamaza na likaanguka, utaulizwa kwa nini hukusema. Mjulishe na jirani, watoto wasicheze pale chini. Tafadhali usipande mwenyewe na msumeno.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipohama nyumba yangu ya kwanza hapa England nilikatwa sehemu ya amana kwa sababu ya nyasi ndefu, na nyasi hizo nilizikuta zimefika magotini siku niliyopokea funguo. Sikuwa nimepiga picha hata moja. Sikujua pia kwamba amana hutakiwa kuwekwa kwenye mfuko ulioidhinishwa ndani ya siku 30, na kwamba mfuko huo husuluhisha ugomvi bure, huku mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuthibitisha madai yake. Nikakubali kukatwa. Kwa hiyo piga picha bustani nzima sasa hivi, hata kama umekwisha kuhamia.

---

Naongezea kidogo kwa walioko Ujerumani: kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba ni marufuku kukata ua wa miti na vichaka hadi chini. Kupunguza machipukizi ya mwaka huo kunaruhusiwa. Mwenye nyumba akikuagiza uufyeke Juni, mkumbushe.

Na kabla ya kusaini, ulizeni habari ya mashine ya kukata nyasi. Nani anaitoa, na ikiharibika nani anaitengeneza? Iandikwe. Vivyo hivyo mkitaka kulima mboga pale palipo na nyasi, ombeni ruhusa kwa maandishi, la sivyo mtadaiwa kuzirudisha siku ya kuhama.

---

Asanteni sana. Nimemwandikia jana usiku na picha nne. Asubuhi amejibu kwa mstari mmoja: fundi anakuja Alhamisi, gharama ni yake. Bustani nimekwisha kuipiga picha yote, pamoja na kibanda cha vifaa ambacho paa lake nililikuta limetoboka.