Nyie mafundi wa "kuongeza spidi ya diski", kazi za watu zimepotea kwa sababu yenu na leo nasema

Wakuu habari za usiku, naandika nina hasira kwahiyo mnivumilie nikirukaruka.

Nina stesheneri hapa Moro karibu na chuo, nachapa, naprinti, nabaindi, na msimu huu ndo wanachuo wanaleta risechi. Mashine yangu ni laptop ya zamani, RAM (sehemu ya kushikilia kazi kwa muda, ukizima inafutika) GB 4, diski ile ya kuzunguka, betri ilishakufa kitambo so inategemea umeme wa ukutani tu. Ilikuwa nzito balaa, ukiwasha unaenda kuchota maji unarudi bado kiduara kinazunguka. Nikampelekea fundi mmoja mjini nikamwambia naomba uniangalizie kama naweza kupata SSD, ile diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Akanijibu dada yangu SSD ya nini, unapoteza hela, nakuwekea programu ya kashe, inashikilia mafaili kwenye RAM, hapa diski yako itakimbia kuliko hiyo SSD, nipe elfu 30. Akafanya testi mbele ya macho yangu, mwanzo ikasoma MB 90 na kitu kwa sekunde, alipoweka programu yake ikasoma zaidi ya 4,000. Nikalipa bila hata kuomba apunguze.

Hapo kwenye hiyo 4,000 ndo nataka tukae kidogo kwa sababu ndo mnapopigwa wengi. Diski za hizi mashine nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, ambayo ni mara 90 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja unakula kama milisekunde 11, na kile kichwa cha kusomea kinatakiwa kihame kwanza kifike pale faili lilipo ndo kisubiri sehemu yake izunguke ije. Ndo maana vifaili vidogo vidogo vya Windows vinaiua, kwa sekunde moja haifikishi hata vitu 100 vilivyotawanyika. Hakuna programu duniani inayoweza kufanya chuma kizunguke haraka zaidi. Na waya wenyewe wa SATA 3 unaounganisha diski na mashine mwisho wake ni kama MB 600 kwa sekunde, kwahiyo mtu akikuonyesha 4,000 kwenye diski ya SATA jua unaonyeshwa spidi ya RAM, diski haijaguswa kabisa. Testi inaandika kwenye RAM, inasoma kwenye RAM, fundi anapokea hela.

Na hiyo RAM katoa wapi? Kwenye GB 4 zangu kachukua 1.5 akaifungia iwe kashe. Windows yenyewe tayari inatumia RAM iliyo wazi kuhifadhi mafaili unayofungua mara kwa mara, toka enzi za Vista inafanya hivyo, kwahiyo kaichukulia nafasi yake akampa programu ya pembeni, halafu nikifungua Word na brauza RAM inajaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski ileile ya kobe. Siku ya pili tu nikaona inaganda kuliko mwanzo. Na ukizima mashine, kashe iliyo kwenye RAM inafutika, kwahiyo asubuhi unawasha kwa uzito uleule. Nikampigia, akasema "iache izoee".

Sasa Alhamisi jioni. Niko na mwanachuo mmoja, binti wa watu, tunarekebisha sura ya nne, majedwali yote, masaa matatu tumekaa. Nasevu kila baada ya muda kwa sababu umeme wetu naujua. Umeme ukakatika. Sikushtuka hata, nikamwambia usijali anti nimesevu. Uliporudi mashine ikaanza kujikagua diski yenyewe, asilimia zinapanda taratibu, kuja kufunguka faili la sura ya nne halifunguki, ya wanachuo wengine watatu hayapo, kuna folda jipya limejaa vitu vinaitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, sijui nini, kumbe ni vipande vya mafaili vilivyookotwa kwenye huo ukaguzi. Binti akakaa chini akalia. Mimi nilikosa hata neno la kumwambia.

Kesho yake nikaenda kwa fundi mwingine, kijana mtulivu, akafungua ile programu akanionyesha. Yule wa kwanza aliwasha sehemu ya kuchelewesha kuandika, tena kaweka sekunde 600. DAKIKA KUMI. Yaani kila nilipobonyeza kusevu, kazi ilikuwa inakaa kwenye RAM inasubiri hadi dakika kumi ndo iende kwenye diski, na mimi naambiwa imesevu. Akanieleza kitu kingine kilichoniuma zaidi, kwamba Windows ina kumbukumbu yake inayoandika mabadiliko ya mpangilio wa mafaili ili umeme ukikatika ijirekebishe, lakini kumbukumbu hiyo inasaidia pale tu vitu vinapofika kwenye diski kwa mpangilio, sasa programu ikikaa katikati na kushikilia, hata hiyo kumbukumbu inakuwa pungufu. Ndo maana hata mafaili ya watu ambayo sikuyafungua jioni ile yalikufa.

Halafu akaweka CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, ya bure kabisa, dakika moja tu, ikaonyesha njano, yaani tahadhari. Diski ilikuwa ina sekta zinazogoma kusomeka. Yaani kumbe juu ya uzito wake wa kawaida diski yenyewe ilikuwa inakufa, na yule wa kwanza hakuangalia hata hilo!

Sisemi kashe ni mbaya jamani. Intel walileta yao 2011, unaweka SSD ndogo pembeni ya diski kubwa, na ilikuwa na njia mbili, moja inaandika kote kuwili papo hapo, nyingine inachelewesha, na mwenye mashine alichagua mwenyewe akijua hatari yake. Hata ReadyBoost, ile ya Windows ya kutumia flashi kama kashe, haikupotezei kitu ukiichomoa kwa sababu kila kilichomo humo kipo pia kwenye diski. Kashe ya kusoma haiui mtu. Lakini kumuwashia mtu kuchelewesha kuandika kwenye mashine isiyo na betri, isiyo na UPS ya kushikilia umeme, kwenye mji ambao umeme unakatika, bila kumwambia neno, huo ni uuaji wa kazi za watu na siwezi kuuita jina lingine.

Nimempigia yule wa kwanza kasema "umeme sio wangu dada". Elfu 30 hajarudisha. Ningeongeza kidogo tu ningepata SSD ya GB 120, ambayo ndo niliiomba toka mwanzo.

Kama kuna fundi alikuwekea programu ya spidi, ifungue sasa hivi utafute sehemu ya kuchelewesha kuandika, uizime, usubiri imalize kuandika vilivyobaki, ndo uiondoe kabisa. Kopi ya kazi weka kwenye flashi kabla hujagusa chochote. Na mwenye kujua namna ya kutoa Word kutoka kwenye hayo ma-CHK anisaidie, nimejaribu kubadilisha jina iwe docx, mawili yamefunguka mengine yamegoma.

Nitachelewa kuwajibu, binti alibaki na kopi aliyoprinti wiki iliyopita imejaa wino mwekundu wa mwalimu wake, tunaichapa upya usiku huu na Jumatatu anatakiwa akabidhi.