Mume wangu na treni: naombeni ushauri kabla tiketi hazijakatwa

Mama Wawili

Habari zenu wadau. Mi humu huwa nasoma tu na kupita ila leo limenifika shingoni.

Nina mume, tuko mwaka wa kumi kwenye ndoa, hanywi, havuti, mshahara unafika nyumbani, watoto anawapenda. Tatizo lake moja tu, treni. Na wala hafanyi kazi reli jamani, ni mhasibu, yeye na mavocha yake huko Posta. Anapenda tu treni, yaani kupenda kabisa.

Mwaka jana nilishajua nina mwenzangu. Kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri anavaa raba anaaga anaenda mazoezi, mazoezi gani ya mtu ambaye kitambi kiko palepale? Nikachukua bodaboda nikamfuata, nimejitanda kanga kama bibi wa sokoni, dereva njiani ananiambia dada ukiwakuta usimwagie mtu kitu, piga picha tu. Tukamkuta Pugu kwenye kijilima, amechuchumaa kwenye majani, simu kaishika mikono miwili, peke yake. Nikajificha nisubiri huyo mwanamke atokee. Ikatokea SGR, ile treni mpya ya umeme. Ikapita vuuu, hata dakika haikuisha, na mume wangu akanyanyuka akawa anaipungia mkono kama mtoto wa darasa la pili. Bodaboda alicheka mpaka akakaa chini. Mi nililia na sikujua nalia nini, ingekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia.

Nyumbani chini ya kitanda kuna kopo la maziwa ya unga limejaa tiketi za kizamani za treni, zile za kadibodi ngumu ndogo kama kiberiti zimetobolewa katundu, ole wako uziguse. Mlango wa sebuleni unazuiliwa na kipande cha reli. Mvua zikianza tu anafuatilia Kilosa na Gulwe kama ana ndugu wamelazwa huko, eti maji yasije yakasomba tuta la reli. Hayo yote nimeyazoea.

Lililoniuma ni mahafali ya chekechea ya mtoto wetu wa pili. Kipindi kile mchongoko, ile SGR yenye pua iliyochongoka, ndo imeanza kubeba abiria, akapanda asubuhi kwenda Morogoro akasema ntawahi kurudi, hakuwahi. Mtoto ameimba na kijoho chake anaangalia mlangoni tu. Usiku baba mtu anamwonyesha video ya mchongoko na mtoto wa watu akafurahi kweli, mi ndo nikabaki na hasira zangu peke yangu.

Sasa mwakani tunatimiza miaka kumi kamili. Mi nilikuwa nataka Zanzibar, siku nne, bahari, nisipike. Yeye ameniletea karatasi kaichora kwa rula: Dar mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia kwa TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860. Anasema ni "honeymoon ambayo hatukuifanya". Nikubali au nikatae? Na walio na wenza wa aina hii mnaishije?

Kaka Mzigo

Shem, bora mchongoko kuliko mchepuko. Nimemaliza.

Dada wa Kinondoni

Ndo akili zenu hizo. Mtu hayupo ni hayupo, awe baa, awe kwa mwanamke, awe kwenye majani Pugu, mtoto haulizi baba yuko wapi ili apime kama sababu ni halali. Pole mdogo wangu, kulia hujakosea.

Mtoto wa Stesheni

Mimi ni mwenzake kwa hiyo nisomeni kwa tahadhari.

Nimekulia Tabora nyumba za reli, mzee alikuwa fundi. Pale reli inagawanyika, moja inakwenda Kigoma ilikofika 1914, nyingine Mwanza ilikofika 1928, na sisi watoto tukisikia honi tu tunajua hii inatokea upande gani. Nyumbani saa hatukuwa nayo, mama anajua muda wa kuinjika sufuria kwa mlio. Shuleni kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe, kinagongwa na nati kubwa, ule mlio sahivi nikiusikia sehemu yoyote nasimama. Sijui mumeo kakulia wapi ila kile kipande cha mlangoni usikichukulie kama uchafu.

(Ila hapohapo, hakikisha amekipata wapi. Chuma cha reli ukikutwa nacho huna maelezo ni kesi, hakuna cha napenda treni pale.)

Halafu watu wanadhani tunaangalia treni inapita basi. Nchi yetu hii ina geji tatu, yaani upana kati ya chuma na chuma cha reli, ya zamani milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Kati ya hizo mbili za kwanza tofauti ni sentimita sita na ushee, hata kiganja hakifiki, lakini behewa la huku haliendi kule, ndo maana Kidatu zinapokutana mzigo inabidi uhamishwe. Sentimita sita! Mimi hii naweza kuongea masaa mawili na mke wangu anajua, nikisema tu "geji" anakumbuka kuna nguo kaanika nje.

Kwenye mahafali simtetei. Ila usimwambie "hutujali", hiyo hataielewa. Mwambie: Jumamosi, saa nne kamili, shuleni, ikiondoka imeondoka. Mtu wa treni anaelewa lugha hiyo.

Kaka Mzigo

Saa nne kamili ya SGR au ya reli ya zamani? Maana ile ya zamani saa nne inaweza kuwa kesho yake.

Mtoto wa Stesheni

Mkuu unatafuta ugomvi.

Wambui wa Nairobi

Sasa Mama Wawili, mimi niko hapa Nairobi na hiyo kitu unasema naijua, bwanangu ni mgonjwa wa hiyo hiyo lakini yake ni zile za zamani za mvuke. Za SGR hata hataki kuona, hiyo yetu ya Madaraka ikianza 2017 watu wote walikuwa wanapigana na tiketi za Mombasa na yeye anasema ati hiyo ni basi refu. Picha zetu za harusi tulipigia Railway Museum, mimi na shela yangu nyeupe karibu na chuma imejaa grisi, mamangu hakuniongelesha siku mbili.

Lakini wacha nikwambie kitu. Ile injini tulipigia picha inaitwa Mount Gelai, nambari yake 5918. Hizo za 59 zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester miaka ya 1950, moja ina uzito wa zaidi ya tani 250, na zote walizipatia majina ya milima ya huku kwetu Afrika Mashariki. Ingine iko hapo hapo museum, 5930, inaitwa Mount Shengena. Nilikuwa nashangaa Shengena ni wapi, nikaambiwa ni huko kwenu Upareni. Wewe ni wa wapi kwani?

Kuhusu kuishi na yeye, sisi tulikubaliana Jumapili ni ya watoto hata treni iote mabawa. Alivunja mara moja tu. Nikampelekea watoto wote watatu hapo stesheni na mabegi na maziwa, nikawaachia yeye, nikaenda saluni.

Dada wa Kinondoni

Wambui nakupenda bure.

Mswahili wa Baridini

Salamu kutoka Uingereza, kaskazini huku. Mume wangu ni wa hapa hapa na huku hii ni kama dini. Wanawacheka wanawaita anoraki, kwa jina la lile koti lao la mvua. Unawakuta mwisho kabisa wa jukwaa la stesheni, wazee watupu na vijana wawili watatu, daftari mkononi, chupa ya chai, kila kichwa kinachopita wanaandika namba yake, nyumbani wanapiga mstari kwenye kitabu kwamba hiki nimeshakiona. Basi. Hakuna kingine. Nilimuuliza ukimaliza vyote unapata nini, akaniangalia kama nimeuliza ukimaliza kusali unapata nini.

Mwaka wa kwanza nilimfuata, si nilikuwa bibi harusi. Tulisimama Crewe mwezi wa kwanza, reli za pande zote zinakutana pale, upepo unapita ndani ya mifupa, mimi Mswahili wa Tanga nimevaa soksi tatu. Saa ya tatu nikaanza kulia, yeye akadhani nimeguswa na treni. Baadaye akanipeleka York kwenye makumbusho yao, wanayo Mallard, treni ya mvuke iliyokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938 na mpaka leo hakuna ya mvuke iliyoivunja hiyo rekodi. Hapo kidogo nilielewa, ni ya buluu, imelala pale kama papa. Lakini kuelewa sio kupenda dada. Niliacha kwenda, nikajiunga na kwaya. Jumamosi yeye ana stesheni mi nina mazoezi, jioni kila mtu ana habari ya kuleta mezani.

Kwa hiyo wanaokwambia "penda anachopenda" mimi siko nao. Ukijifanya atajua, na utamchukia kwa kujifanya kwako mwenyewe.

Mzee wa Mlimba

Naona mnaongea mapenzi tu hakuna aliyemjibu dada habari ya safari. Mimi hiyo TAZARA nimepanda toka kijana nikipeleka mchele Mbeya.

Kwanza aulizie kama inatembea na siku gani, ratiba hubadilika, asitegemee karatasi ya rula. Pili, hili la muhimu na huenda bwana hajakwambia: ukikata tiketi mbili tu za kulala mnatenganishwa, wanaume chumba chao na wanawake chumba chao. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita. Mkitaka kulala pamoja mnunue chumba kizima, mlipie vitanda vyote vinne. La sivyo honeymoon utaifanya na wamama watatu na tenga la kuku.

Tatu, Kapiri Mposhi ni mbali, mnahesabu siku mbili na mnaweka akiba ya ya tatu. Uzuri wenyewe uko upande wetu huku. Ukitoka Dar mchana unapita mbugani kule, twiga na tembo unawaona dirishani bila kulipa kiingilio, halafu kutoka Mlimba kupanda Makambako ni madaraja na mahandaki tu, reli inajikunja mpaka unaona kichwa cha treni yako mwenyewe kinakuja upande wa pili. Wachina na watu wetu walijenga hiyo kati ya 1970 na 1975, na kipande hicho ndicho kiliwatoa jasho. Mimi sio mpenzi wa treni, nilikuwa mfanyabiashara, lakini pale nilikuwa naamka. Ningekuwa wewe ningeshuka Mbeya. Huko mbele aende peke yake akitaka.

Beba maji, shuka lako, na karatasi ya chooni.

Kaka Mzigo

Na hiyo Zanzibar usidhani umepona shem. Kulikuwa na treni kule, mjini mpaka Bububu, ilianza 1905 ikaja kufa miaka ya 1920. Wengine wanasema hata jina la Bububu ni mlio wa hiyo treni, wengine wanasema ni chemchemi iliyokuwa inabubujika. Utakuwa umelala ufukweni umejipaka mafuta, mwenzio yuko vichochoroni anatafuta mataruma ya reli.

Mama Wawili

Nyie watu mmenichekesha mpaka mtoto kaja kuniuliza mama nini.

Wambui umenigusa pabaya. Mi ni Mpare wa Same, Shengena ni kwetu kabisa, bibi yangu alikuwa anaonyesha kwa kidole akitaka kusema mvua inakuja. Siku ya kwanza kukutana na huyu mwanaume, tulikuwa kwenye foleni ya ATM, aliponiuliza kwetu wapi nikamwambia, akasema kuna treni ina jina la mlima wenu. Nikaona kijana muongo huyu, katafuta maneno kakosa, namba nikampa kwa kumhurumia. Miaka yote sikuwahi kumuuliza tena. Juzi usiku nikamwambia hebu nionyeshe ile Shengena. Hakuuliza Shengena gani. Alipiga magoti akavuta lile kopo la maziwa, chini kabisa ya tiketi kuna picha imekunjwa mara mbili, imekatwa kwenye gazeti, injini jeusi refu hilo, na pembeni kwa peni ameandika jina langu na tarehe. Tarehe ya ile foleni ya ATM.

Sikusema kitu. Nilikasirika pia, kwa sababu kitu kama hicho unakificha chini ya kitanda miaka kumi cha nini, si ungenionyesha.

Mtoto wa Stesheni, kumbe naye kazaliwa Morogoro jirani na karakana, aliniambia zamani nikasahau. Kipande cha reli ni kengele ya shule yake waliyobomoa, mwalimu mkuu mwenyewe alimpa, karatasi anayo. Nimemuuliza kwa ukali.

Mahafali nimemwambia kwa lugha mliyonifundisha. Mwezi ujao mkubwa ana siku ya wazazi, Ijumaa saa tatu na nusu, nimeiandika kwenye ile ratiba yake ya ukutani katikati ya treni mbili, kwa peni nyekundu. Tutaona.

TAZARA tumekubaliana tunashuka Mbeya, na chumba kizima, vitanda vinne, nilimuuliza kuhusu kutenganishwa akaanza kukuna kichwa, kumbe alikuwa anajua! Mzee wa Mlimba Mungu akuweke. Zanzibar ni mwezi unaofuata, siku nne, hoteli nachagua mimi.

Na sijamwambia chochote alichoandika Kaka Mzigo humu, naapa. Jana tunakula akaniuliza, hivi hiyo hoteli yako na Bububu ni mbali?

Sijamjibu mpaka sasa.