Kuku pyua na chotara wanaofanana naye: tupeane uzoefu, Arusha na Moshi

Mleta mada, Ngaramtoni: Wakuu, heshima kwenu. Siku hizi kila kuku mwenye manyoya miguuni anaitwa Brahma, na kila mweusi anaitwa kuku wa Malawi. Inaniuma, maana mtu akinunua jogoo wa mbegu asiye safi, banda zima linaharibika. Mimi huanzia kichwani. Brahma ana upanga mdogo uliolala, wenye safu tatu za vinundu. Ukikuta upanga mmoja uliosimama wenye meno, huyo ama ni Cochin, ambaye naye ana manyoya miguuni, ama ni chotara. Kisha nashuka kwenye vidole: kwa Brahma manyoya yanafika hadi kidole cha kati. Chotara mara nyingi yanaishia juu, tena machache. Nanyi mnawatambuaje?

Kiboriloni: Mimi ni wa Silkie, wale kuku wa manyoya ya sufu na vidole vitano. Watu wanahesabu vidole, wakiona vitano wanatoa hela. Hapo ndipo mnapopigwa, ndugu zangu. Kidole cha tano kinarithiwa kirahisi, hata mtoto wa Silkie na kienyeji anaweza kuwa nacho. Manyoya ya sufu ni kinyume chake: mtoto wa kwanza anatoka na manyoya ya kawaida kabisa. Ila akipandishwa tena na Silkie, baadhi ya wajukuu wanarudi na sufu na vidole vyao vitano, na hao ndio wanaosumbua sokoni. Dawa ni kupuliza manyoya ya kifuani uione ngozi. Silkie ni mweusi hadi kwenye mifupa. Ngozi ikiwa nyeupe au njano, rudisha kuku wa watu.

Usa River: Kuku wa Malawi, yaani Black Australorp, mtoe juani. Weusi wake unang'aa kijani. Mgeuze utazame nyayo: ziwe nyeupe. Nyayo za njano, au unyoya mwekundu shingoni, mimi siendelei na mazungumzo ya bei.

Tengeru: Naomba niongezee la Sasso na Kuroiler. Hao ni machotara tangu walikotoka, Ufaransa na India, kwa hiyo anayekuuzia "Sasso pyua wa mbegu" anakuuzia maneno. Ukizalisha wenyewe kwa wenyewe, watoto wanatoka kila mmoja na lake, ukuaji hivyo hivyo.

Old Moshi: Shingo uchi ni rahisi. Akiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo, amerithi upande mmoja tu. Aliyerithi pande zote mbili shingo iko wazi karibu yote. Bibi yangu huwachagua hivyo hadi leo.

Himo: Nina jogoo wa Brahma, upanga sawasawa kama alivyosema mleta mada, ila manyoya ya miguu haba. Nimchinje?

Mleta mada, Ngaramtoni: Usimchinje bado, mkuu. Mtenge na matetea wa kienyeji wenye upanga wa meno, uatamishe mayai yao. Upanga wa Brahma una nguvu kuliko ule wa meno, kwa hiyo akiwa safi upande huo, vifaranga wote watatoka na upanga mdogo wa kulala. Akitokea hata mmoja mwenye upanga wa meno uliosimama, jogoo ana damu nyingine. Angulisha wa kutosha, watatu wanne hawatoshi kukupa jibu. Ukimaliza tuletee picha za vifaranga hapa, tuwatazame pamoja.