Mdogo wangu alikatwa utumbo kwa Crohn, sasa yuko fiti. Kolonoskopi ya nini tena?

Dada wa Tabata: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kiume ana ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa kudumu unaoleta vidonda kwenye utumbo. Mwezi wa tatu alifanyiwa operesheni, wakaondoa mwisho wa utumbo mwembamba uliokuwa umeziba, wakaunga na utumbo mpana. Sasa anakula ugali, kanenepa, karudi kazini. Daktari anataka kolonoskopi, ile kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo, ikifika miezi sita. Mama hataki kusikia. Anasema mtoto kapona, wasije wakamtonesha mshono. Gharama nayo si ndogo na bima hawajajibu. Naombeni ushauri.

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Msikilizeni daktari. Crohn haiishi kwa kisu. Hupenda kurudi palepale kwenye maungio, na vidonda huanza miezi mingi kabla tumbo halijauma. Kamera inafika hapo, daktari anatoa daraja: i0 ni safi, i4 ni hali mbaya. Kuna utafiti wa Australia na New Zealand wa 2015. Waliopimwa mwezi wa sita na kuongezewa dawa pale ugonjwa ulipoonekana, baada ya miezi 18 ulikuwa umerudi kwa 49%. Ambao hawakupimwa mapema, 67%. Mwambie mama, kwa miezi sita mshono umeshashika.

Kibo1: Nilikatwa pia. Kipimo chenyewe unachomwa sindano ya usingizi, hutaabiki. Kazi iko kwenye dawa ya kusafisha tumbo: nyingi, na ina chumvichumvi. Iwekeni kwenye friji, anywe kwa mrija mpaka choo kiwe maji ya manjano yasiyo na chembe. Juisi ya rozela asiguse kabisa, wekundu wake unaweza kudhaniwa damu. Na awepo mtu wa kumrudisha nyumbani.

Dada wa Tabata: Asanteni sana. Kipimo cha kinyesi hakitoshi? Halafu bado anavuta sigara.

Nesi Mstaafu: Kipimo cha kalprotektini, protini ya kwenye kinyesi inayoonyesha uvimbe wa utumbo, kinafaa kufuatilia kati ya kamera moja na nyingine, ila hakikuonyeshi kidonda. Sigara aache leo hii, inamsogeza kwenye kukatwa tena. Diclofenac za dukani asimeze bila kumuuliza daktari. Kuhusu bima, daktari aandike kwamba ni ufuatiliaji baada ya upasuaji wa Crohn, nanyi mwambatanishe ripoti ya operesheni.