Tupeane uzoefu: Wastaafu wa treni ndogo, baridi hii mnaipitishaje?

Mzee wa Yadi (Minnesota)

Wakuu, heshima kwenu. Huku Minnesota leo asubuhi ni nyuzi 24 chini ya sifuri, gari limegoma kuwaka, na mke wangu ameshanifukuza jikoni mara mbili. Najua humu tupo wachache wenye ugonjwa wa treni za mezani, wengine mnajificha. Jitokezeni. Sitaki picha za vichwa vipya vya treni mlivyonunua. Nataka mnieleze siku zinavyokwenda miezi hii ambayo mstaafu akitoka nje, ujue ana sababu.

Naanza mimi. Niliendesha basi la abiria miaka 26 hapa hapa. Nilipostaafu, baridi ya kwanza nilikaa dirishani nikihesabu magari ya kuzoa theluji. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyekuwa fundi bomba, alikuwa akiniona. Siku moja akagonga mlango, kofia imemfunika mpaka machoni, akaniuliza kama mikono yangu inatetemeka. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi twende."

Besimenti yake yote ni reli. Imezunguka kuta nne, imepita nyuma ya boila, imetokea chini ya ngazi kwenye stesheni yenye taa. Kipimo ni HO, yaani 1:87, mtu mzima anakuwa na kimo cha sentimita mbili. Tuko saba, mdogo wetu ana miaka 66. Tunakutana kila Jumatano saa tatu asubuhi.

Wengi hudhani tunakaa kuangalia treni ikizunguka. Thubutu! Ni kazi. Kila behewa lina kadi yake: limetoka wapi, limebeba nini, linaachwa kiwanda gani. Saa ya ukutani imeharakishwa, dakika 15 zetu ni saa nzima ya reli. Siku yangu ya kwanza nilipewa kitreni cha kusambaza mabehewa viwandani, nikaziba njia mpaka treni ya abiria ikasimama nyuma yangu. Hakuna aliyenipigia kelele. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliandika tu kwenye daftari la zamu: "Imesimama kila kituo. Sababu: dereva wa basi." Daftari hilo bado lipo na ukurasa huo una alama ya kahawa.

Wao huleta donati, mimi huleta mandazi ya iliki. Siku hizi donati zinabaki.

Kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Ikifika saa tatu na robo hujaonekana, simu inapigwa. Usipopokea, mtu anavaa buti. Februari mwaka jana fundi umeme wetu hakufika na hakupokea. Wawili walikwenda, wakamkuta ameteleza kwenye barafu mlangoni kwake, nyonga imevunjika, simu iko mfuko wa ndani na mkono haufiki. Alikuwa amelala hapo nusu saa. Sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, tumempa redio, ndiye anayeruhusu treni zote kuondoka. Analalamika jambo moja tu: kwamba siku ile tuliendelea na ratiba bila yeye. Ni kweli, tuliendelea. Waliobaki wanne walihitaji kitu cha kufanya na mikono wakati tunasubiri simu ya hospitali.

Sasa swali la kiufundi, huenda mtanisaidia. Tangu Januari treni zinaacha reli mahali pale pale, kabla ya daraja. Tumepima magurudumu, tumekagua pointi (pale reli zinapogawanyika), tumefuta reli kwa spiriti. Wakati wa kiangazi palikuwa salama kabisa. Nini hiki?

Mtaa wa Pili (Dar)

Mkuu samahani, nimeingia humu kwa bahati mbaya nikitafuta nauli ya SGR kwenda Dodoma. Mtu ana wajukuu, halafu anachezea treni chini ya ngazi? Na kadi anaandika?

Mzee wa Yadi

Karibu, vuta kiti. Ndiyo, anaandika.

Kapiri Mposhi (Mbeya)

Mimi treni niliendesha za kweli. TAZARA, reli ya Dar hadi Zambia, nimeanza 1981, na miaka mingi nilikuwa kipande cha Mlimba hadi Makambako, kule mlimani kwenye mahandaki. Kwa hiyo wanaosema haya ni mambo ya watoto, mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka juzi mwanangu aliyeko Hamburg akanikatia tiketi nikaone wajukuu. Mwezi wa kwanza! Sijui alifikiri nini. Wiki nzima sikutoka ndani. Wiki ya pili akanipeleka Miniatur Wunderland, lile jumba la reli ndogo lililofunguliwa 2001 kwenye maghala ya zamani ya bandari. Kila baada ya muda taa za ukumbi zinafifia, usiku unaingia, na vidirisha vya nyumba vinawaka kwa maelfu. Mjukuu alinivuta twende kwenye uwanja wa ndege, maana kuna ndege zinazoruka kweli. Nilikataa. Nilisimama penye mlima mpaka miguu ikafa ganzi.

Jioni mwanangu akasimulia kwa jirani yake, mzee aliyekuwa mpeleka barua, kwamba baba ni dereva wa treni. Basi! Alhamisi iliyofuata nikachukuliwa kwenye kikundi chao, wazee kumi na mmoja chini ya jengo la shule. Kijerumani sina, wao Kiswahili hawana, Kiingereza tulikipasua nusu kwa nusu. Wakanionyesha treni ya mizigo ya mabehewa 30. Ikaondoka kama panya aliyeona paka.

Nikawaambia hapana. Treni ya tani elfu moja haiondoki hivyo. Unaachia breki, unampa nguvu kidogo, unasubiri. Kapla, vile viungo vya mabehewa, zinanyooka moja baada ya moja mpaka behewa la mwisho, na unaisikia mgongoni kabla hujaiona. Ukiwa na haraka unakata kapla, na ukikata kapla mlimani utaeleza mpaka uzeeke. Wakanipa rimoti. Nikaanza mwendo wangu. Mmoja akadhani umeme umekatika, akaenda kukagua swichi.

Kumbe vile vichwa vina kichipu ndani ambacho unaweza kukipanga kiondoke taratibu na kisimame taratibu, kama chenye uzito. Walikuwa nacho miaka yote, wamekiacha kilivyotoka dukani. Alhamisi tatu tulikaa tunapanga kichwa kimoja kimoja, mimi nasema "bado, bado", fundi anabonyeza. Wakawa wananiita Herr Lokführer, bwana dereva. Huku nyumbani tangu nistaafu hakuna aliyeniita hivyo. Nikiri jambo: siku ya kuondoka niliogopa kuagana nao kuliko kuagana na mwanangu. Yeye atakuja Krismasi.

Sasa najenga yangu Mbeya, baridi yetu ni Juni na Julai. Hesabu ni hii, mtaipenda: reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Ukiigawa kwa 64 unapata milimita 16.7, na reli ya HO ya kawaida ina 16.5. Kwa hiyo unajenga kila kitu kwa 1:64 na unatumia reli iliyopo madukani. Ila mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, lazima uyabadilishe, ya HO ni madogo mno na yamebanana. Mimi nakata vijiti vya mishikaki.

Mama Nakuru (Manchester)

Mimi si mtu wa treni. Ni mke wa mtu wa treni, na naomba nisikilizwe pia.

Babake mzee wangu alikuwa mchochea moto wa garimoshi pale Nakuru, enzi za East African Railways. Mzee amekua akiyaona yale magarimoshi makubwa ya Garratt, daraja la 59, yakipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Yalikuwa 34, kila moja limepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na yote yalitengenezwa na Beyer, Peacock hapa hapa Manchester, 1955 na 1956. Kiwanda kilifungwa 1966. Tulipohamia huku kwa sababu ya kazi yangu ya uuguzi, jambo la kwanza alilofanya si kutafuta duka la unga wa ugali. Alikwenda kuangalia kiwanda kilipokuwa.

Sasa ni baridi ya tatu anajenga mfano mdogo wa mojawapo, Mount Gelai. Darini kuna baridi ya kuua, kwa hiyo amehamia kwenye meza yangu ya kulia chakula. Ni vipande vya shaba, waya wa kulehemu, na harufu ambayo haitoki kwenye mapazia. Wageni wa Jumapili wanakula wakiwa wamepakata sahani. Garimoshi lenyewe lilikuwa na urefu wa karibu mita 32, kwa 1:87 ni kama sentimita 36. Sentimita 36, na meza yote imekwisha!

Jumanne jioni wanakuja wenzake watatu, wazee wa Kiingereza. Saa kumi giza limeshaingia, saa kumi na mbili wako mlangoni wanapangusa viatu. Nikawazoesha chai ya maziwa na tangawizi, sasa wanaiulizia kabla ya salamu. Mwaka jana waligombana juu ya rangi. Magarimoshi hayo yalikuwa maruni, hilo wanakubaliana, lakini maruni ipi? Mpwa wetu alikwenda Railway Museum Nairobi akapiga picha za Mount Gelai lenyewe. Mmoja akasema rangi ya pale si ushahidi, limepakwa upya na limepigwa na jua. Mwingine akaleta kopo la rangi ya reli za Uingereza. Wiki tatu wananuniana. Watu wanne, ukijumlisha umri wao unafika karibu miaka 290, hawasemezani kwa sababu ya rangi ya maruni.

Kisha Desemba, yule wa kopo akafiwa na mkewe.

Mzee wangu hajui kumpa mtu pole. Kwetu ungeenda ukakaa tu, matanga yana utaratibu wake, kuna watu na kuna kupika. Huku baada ya mazishi kila mtu alirudi kwake na yule bwana akabaki peke yake na redio. Siku ya tatu mzee akaifunga Mount Gelai kwenye taulo, akaiweka mapajani kwenye basi kama mtoto mchanga, akampelekea. Akamwambia mkono wake si thabiti tena, ampakie rangi. Uongo mtupu, mkono wa mzee wangu hauna shida yoyote. Kesho yake akaenda kuangalia kama imekauka. Keshokutwa wale wengine wawili wakaenda pia kuangalia kama imekauka. Rangi gani hiyo inakauka wiki mbili?

Ilirudi maruni ya yule bwana, ya kopo lake. Hakuna aliyebisha. Mimi naiona imekolea mno, lakini nani ataniuliza.

Mlango Mmoja (Toronto)

Nafasi sina, naishi chumba kimoja ghorofa ya tisa. Nilinunua mlango wa mbao mwepesi, ule wa vyumbani, nikaulaza juu ya meza mbili, nikajenga kwa N, 1:160, reli ya milimita 9. Mlango mmoja unatosha mji, mto na karakana.

Tatizo ni macho. Kurudisha behewa la N relini kwa miaka 71 ni kama kutunga uzi kwenye sindano ndani ya daladala. Kwenye klabu yetu naona wazee wanavyopanda vipimo: alianza N akiwa kijana, akahamia HO, mwisho yuko O ambayo behewa unalishika kwa mkono mzima. Mwenzetu mmoja vidole vimekataa kabisa, ugonjwa wa kutetemeka. Tulifikiri ataacha kuja. Akasema atakuwa anapanga ratiba. Sasa ratiba zake ni ngumu kuliko za reli halisi, na ukichelewa anakusomea namba ya treni yako kwa sauti mbele ya watu.

Mama Nakuru

Mzee amesoma uzi juu ya bega langu, ameniamuru nimwandikie Mzee wa Yadi. Nanukuu: "Muulize reli waliilaza mwezi gani."

Mzee wa Yadi

Agosti. Tulipanua upande ule wa daraja Agosti.

Mama Nakuru

Anasema ndiyo hiyo. Agosti mbao zimeshiba unyevu. Baridi ikija mnawasha boila, hewa inakauka, mbao zinasinyaa lakini chuma hakisinyai. Mapengo kati ya vipande vya reli yanajifunga, reli inakosa pa kwenda, inajipinda pembeni kidogo tu, jicho halioni. Mwiname muiangalie kwa urefu wake mkiwa na tochi. Mkate pengo jipya kwa msumeno mwembamba, upana wa kadi ya simu, halafu mnunue mashine ya kuongeza unyevu hewani. Anasema pia msikate karibu na pointi. Nimechoka kuandika, chai inapoa.

Mzee wa Yadi

Shemeji, nimeshuka sasa hivi kwa jirani na tochi, nimekanyaga theluji mpaka magotini. Imejipinda! Upana wa ukucha. Miezi miwili tunalaumu magurudumu.

Fundi umeme nimempigia, kacheka mpaka akakohoa, halafu kasema tusikate mpaka Jumatano yeye awepo, maana yeye ndiye aliyesema Agosti ile kwamba mapengo si lazima. Anataka akate mwenyewe.

Mtaa wa Pili (Dar)

Bado nipo. Hivi vile vijiti vya mishikaki, Mzee Kapiri, unavikata urefu gani?

Kapiri Mposhi

Milimita 33 kwa kimoja, mwanangu, ukipenda kuzidisha kidogo si kosa. Mataruma mengi ya TAZARA ni ya zege, hayo yapake kijivu; ukitaka yale machache ya mbao, chovya vijiti kwenye chai ya rangi iliyokolea usiku mzima, vinageuka kama mbao kuukuu. Usitumie kahawa, inanuka.